Kichina cha Jirani Yangu wa Benchi

Nilipoingia darasa la tano, shule yetu ya msingi mtaani Kimemi, mjini Butembo, mashariki ya Kongo, ilianza kufundisha Kichina. Waliotaka hivyo ni wazazi. Wengi wao walikuwa wafanyabiashara wa kwenda Guangzhou, China, kuleta vitenge, vipuri vya pikipiki na vigae vya sakafu, na kila waliporudi walilalamika kwamba mtu asiye na lugha huko hushikwa mkono sokoni kama kipofu. Kwenye mkutano wa wazazi mmoja wao alisimama akasema Kifaransa watoto watakipata darasani, Kiingereza watakiokota Kampala, lakini Kichina nani atawapa? Mkurugenzi wetu hakuwa mtu wa kubishana na wazazi. Mkutano ulipokwisha, Kichina kilikuwa kwenye ratiba, Jumanne na Ijumaa, baada ya mapumziko.

Mimi sikuwa mtoto wa mfanyabiashara. Baba alifundisha darasa la sita pale pale, na ndiyo sababu niliweza kusoma shule ile. Mama aliuza sokoni viazi na kabichi zilizoshuka kutoka Masereka, kwao. Nilipomweleza habari ya Kichina alikuwa anamenya viazi, na hakuinua macho.

“Na ile Kichina batakutuma nayo wapi?” akasema. “Ku Masereka?”

Mwalimu alikuwa kijana wa Butembo aliyepata nafasi ya kwenda kusomea ujenzi wa madaraja huko China. Alirudi akakuta hakuna daraja linalojengwa, akakubali kutufundisha. Alivaa koti jeusi hata jua lilipokuwa kali, na aliandika ubaoni polepole sana, kama mtu anayepanga matofali. Somo la kwanza alilichagua kwa kutazama nyuso zetu, watoto wa maduka. Kununua ni *mai*, akasema, sauti ikishuka na kuinuka. Kuuza ni *mai*, akasema tena, sauti ikianguka moja kwa moja. Halafu akaziandika. Neno la kuuza lilifanana na la kununua, ila juu yake lilibeba alama kama msalaba.

Darasa likapiga kelele kwamba ni neno moja. Mwalimu akatuuliza kama nyumbani tunasema Kinande, lugha ya kabila letu. Tukanyamaza, maana Kinande kilikatazwa shuleni.

“Hapana kuogopa,” akasema. “Mu Kinande sauti inapanda na inashuka, na maana inageuka. Bababu yenu bamesha bapatia masikio. Donc basi, tumieni ile masikio.”

Niliyasikia yale maneno kwa furaha, kwa sababu nyumbani kwetu Kinande ndicho kilichotawala. Lakini nikiri kwamba kwa wiki nyingi Kichina kilibaki kwangu kitu cha ubaoni, kama ramani ya nchi ambayo hujui kama kuna watu wanaoishi ndani yake.

Kisha akaja yule msichana.

Ilikuwa asubuhi ya mvua, ukungu umeshika mikaratusi yote ya kilima, na mkurugenzi akamwingiza darasani akimshika bega. Alikuwa na miaka kama tisa hivi, amevaa juu ya sare koti nene la rangi ya waridi lililofika magotini. Uso wake ulikuwa uso wa kwetu kabisa. Ungeweza kumkuta kwenye njia yoyote ya Lubero akibeba kuni na usingegeuka mara mbili. Mkurugenzi akamwambia kwa Kifaransa asalimie wenzake. Hakuelewa. Akamwambia kwa Kiswahili. Msichana akatutazama, akainamisha kichwa kidogo, akasema maneno mengi ya haraka ambayo hakuna aliyeyatambua, hata moja. Tulicheka sana. Tulicheka kwa sababu mwalimu wetu alikisema Kichina kwa kuchungulia kila neno, na huyu alikimwaga kama maji ya bomba.

Habari zake tulizijua baadaye, vipande vipande. Wazazi wake walikuwa Wanande Waislamu, jamaa wa wasafirishaji wa Beni, na walikuwa wamefanya kazi Guangzhou miaka mingi, wakikusanya mizigo ya wafanyabiashara wa kwetu na kuipakia kwenye makontena. Kazi hiyo haikuwapa nafasi ya kulala, sembuse kulea. Mtoto alipokuwa bado ananyonya walimkabidhi kwa bibi mmoja wa Kichina, jirani wa ghorofa moja na wao, mjane aliyehamia mjini kutoka kijiji cha mbali. Walimchukua Jumapili asubuhi, wakamrudisha jioni ile ile. Biashara ilipolegea, wazazi wakarudi nyumbani na mtoto ambaye Kiswahili alikijua kwa amri tu: kuja, kaa, kula, lala. Mtoto alimwita bibi yule *popo*, ambalo kwa Kichina ni neno la kumwita nyanya. Siku aliyotutajia jina hilo darasa zima lilicheka tena, tukadhani alilelewa na mnyama wa usiku mwenye mabawa.

Aliwekwa kwenye benchi langu. Baba yangu alikuwa mwalimu, na walidhani mtoto wa mwalimu hatamsumbua mtu.

Siku za kwanza hakusema kitu. Alitazama midomo yetu. Asubuhi alitetemeka, kwa sababu alitoka mahali pa joto, na Butembo asubuhi hutoa moshi mdomoni. Siku moja, tukiwa tumekaa, aliniwekea mkono wake juu ya wangu ili niuhisi, akasema, “*Leng*.”

Mkono ulikuwa kama chuma cha dirisha. Neno hilo mwalimu alikuwa ameshatuandikia, na mimi nilikuwa nimelikariri: *leng*, baridi. Lakini sasa nililisikia. Nilivua sweta langu tukajifunika magoti sote wawili, na nikamwambia, “*Leng*,” nikipuliza vidole vyangu. Akaniambia mengine ambayo sikuyashika. Haikujalisha. Nilikuwa nimeelewa kwamba nyuma ya ubao ule kuna watu, na mmoja wao amekaa karibu nami.

Baada ya hapo nilijifunza haraka. Sikujifunza kwa akili nyingi, nilijifunza kwa sababu nilikuwa na mtu wa kuzungumza naye. Alinionyesha kitu, akakitaja, akangoja. Nikikosea alinivuta sikio, taratibu, na kurudia. Mimi nami nilimtajia kwa Kiswahili na kwa Kinande, kwa kunong'ona.

Kunong'ona kulikuwa na sababu. Shuleni kwetu lugha ya uwanja ilikuwa Kifaransa. Aliyesikika akisema Kiswahili au Kinande alivishwa shingoni kibao kidogo cha mti chenye kamba, akakaa nacho mpaka amkamate mwingine. Aliyekuwa nacho jioni alifagia darasa. Msimamizi wa wiki, msichana wa darasa la sita, alitukuta siku moja wakati wa mapumziko nyuma ya vyoo tukizungumza, akaja mbio na kibao mkononi. Alipofika alisimama. Hatukuwa tunasema Kiswahili, wala Kinande. Alitupeleka ofisini kwa mkurugenzi.

“Banasema Kichina ku récréation,” akashtaki.

Mkurugenzi alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena. Nadhani aliwafikiria wazazi wa mkutano ule.

“Kichina iko ku horaire,” akasema mwishowe, yaani kwenye ratiba. “Hapana kosa. Mwende.”

Habari ikaenea. Kwa muda wa wiki kadhaa uwanja mzima ulijaa Kichina, au kitu kilichofanana nacho. Watoto waliochoka kutafuta maneno ya Kifaransa walipigiana kelele za kununua na kuuza, maji, mbwa, moja mbili tatu, ili mradi wasivishwe kibao. Wengi waliishia hapo. Sisi wawili tuliendelea.

Mara ya kwanza nilipomleta nyumbani, mama alimwekea ugali, maharage na sombe, yaani kisamvu, na kikombe cha maji. Akala vizuri, kwa mkono, bila shida. Kikombe akakirudisha, akamwonyesha mama moto wa jikoni.

“Anataka mayi ya moto,” nikasema.

“Ya kunawa?”

“Ya kunywa. Bila majani ya chai, bila sukari. Paka mayi tu.”

Mama alimgusa paji la uso kwa kiganja. “Huyu mutoto iko mugonjwa?”

Nilieleza kwamba ndivyo popo alivyomzoesha, kwamba kule wazee huamini maji baridi huharibu tumbo. Mama akachemsha maji. Tangu siku hiyo kila alipokuja alikuta maji ya moto yamefunikwa kwa sahani, na siku moja nilimwona mama mwenyewe, akiwa peke yake, anakunywa hayo hayo na kutazama ukuta, kama mtu anayepima dawa. Alipoulizwa na baba akasema tumbo lake limetulia.

Darasani mwalimu wetu alimshukuru Mungu kwa msichana yule na pia alimwogopa kidogo. Alimwita mbele atusomee, yeye akakaa nyuma na kusikiliza pamoja nasi. Lakini kulikuwa na jambo lililomtatiza. Kichina cha vitabuni kina sauti ambayo msichana hakuwa nayo. Neno la kumwita mwalimu ni *laoshi*. Yeye alisema *laosi*. Kila penye *sh* yeye aliweka *s*, na kila nilipoitwa ubaoni mimi pia nilisema hivyo hivyo.

“Huyu anasema vile popo yake alimufundisha,” mwalimu akaniambia siku moja akikusanya chaki. “Nabasikia bamama bazee ba ku kijiji kule banasema sawa vile. Weye ufuate kitabu.”

“Ndiyo, mwalimu,” nikajibu. Nikaendelea kusema *laosi*. Sikuwa mkaidi. Masikio yangu yalikuwa yamekwisha kuchagua.

Mwaka ule ukapita, tukaingia darasa la sita, darasa la baba. Na hapo mambo yakaanza kugeuka, polepole hivi kwamba sikuona mpaka yalipokuwa yamegeuka.

Rafiki yangu alikuwa ameanza kwenda madrasa Jumamosi, na nyumbani kwao alikuwa amehamia bibi yake mzaa baba, mama mzee kutoka upande wa Lubero ambaye hakusema kitu chochote isipokuwa Kinande. Bibi huyo hakumwonea huruma. Alimtuma, akamkemea, akamsuka, akamfundisha kusalimia *wavukire* asubuhi na kushukuru *wasingya* kwa magoti yaliyopinda. Msichana akapata mahali pa kujishikiza. Kiswahili kikamjia pamoja na kamba ya kuruka, Kinande kikamjia pamoja na kusukwa nywele. Kichina chake kikaanza kutoboka. Alikuwa akianza sentensi, anafika katikati, anaweka neno la Kiswahili pale lilipokosekana la Kichina, na hakuona kwamba ameliweka.

Pia wenzetu shuleni walikuwa bado wanamwita Muchina, kama tangu siku ya kwanza. Hawakumaanisha ubaya. Walimwita hivyo wakimpasia mpira, wakimwazima kalamu. Mama wa duka lililo mbele ya shule alimwita hivyo akimpa andazi la bure. Lakini jina ambalo kila mtu anakuita kwa upendo, na ambalo hukulitaka, lina uzito wake.

Siku moja, wakati wa mapumziko, nilimwambia kitu kwa Kichina, kitu kidogo tu, kwamba mvua inakuja. Akanijibu kwa Kinande, kwa sauti kubwa, uwanja mzima usikie. Kisha akaongeza kwa Kiswahili:

“Hapana nisemesha ile luga tena.”

“Juu ya nini?”

“Mi iko mutoto wa hapa.”

Msimamizi wa wiki alikuwa karibu. Alikuja na kibao. Rafiki yangu hakukimbia wala hakutafuta mwingine wa kumpa. Aliinamisha shingo mwenyewe ili kamba ipite vizuri juu ya mafundo ya nywele, na akakaa na kibao kile kifuani siku nzima, mgongo umenyooka. Watoto wengine walikificha ndani ya shati. Yeye alikiacha nje. Jioni alifagia darasa akiimba. Baba yangu, ambaye alipaswa kusimamia adhabu, aliniambia usiku mezani kwamba katika miaka yake yote ya ualimu hakuwahi kumwona mtoto aliyekivaa kile kibao kama aliyepewa zawadi. Nilikuwa na huzuni ambayo sikuweza kuieleza, kwa sababu aliyefurahi ni rafiki yangu, na mimi ndiye niliyeachwa na lugha mkononi bila wa kusema naye.

Niliendelea na mwalimu wa Kichina. Darasa lilikuwa limepungua; wazazi wengine walikwisha kuona kwamba mtoto wa miaka kumi na mmoja hatawasaidia Guangzhou kesho. Tulibaki wachache kwenye mabenchi ya mbele. Nilijifunza kuandika kwa kweli, nikajifunza kusoma hadithi fupi. Mwalimu akazoea *s* zangu, akaacha kuzikosoa. Tulipomaliza la sita yeye alipata kazi kwenye ujenzi wa barabara, mbali, na somo la Kichina likafutwa kwenye ratiba kama vile halijawahi kuwapo.

Mwaka huo huo familia ya rafiki yangu ilihamia Beni. Baba yake aliungana na ndugu zake wenye malori, na wakajenga upande wa Mavivi, karibu na uwanja wa ndege. Barabara ya Butembo kwenda Beni haikuwa ya kupita ukitaka tu. Kulikuwa na habari mbaya siku nyingi, na mama alikataa kila nilipoomba kwenda. Tulisalimiana kwa simu za wazazi wetu, kwa Kiswahili, dakika chache, kila mmoja akiona aibu ya kusikilizwa.

Nilikuwa nimeshaingia sekondari nilipopata ruhusa ya kwenda. Mjomba mmoja alikuwa na safari yake, hali ilikuwa tulivu kwa muda, na mama akanifungia kikapu cha viazi. Rafiki yangu alinipokea kwenye kituo cha magari. Alikuwa amekuwa mrefu kunishinda, amefunga kitambaa kichwani, na alitembea katikati ya malori ya baba zake wadogo akiwaambia madereva wasogee, nao wakasogea. Nilimwona amekaa vizuri katika maisha yake. Nikafurahi, safari hii kwa kweli.

Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, baba yake alituita barazani. Alikuwa mtu mkubwa, mpole, ambaye hakuzoea kukaa na watoto. Alishika simu kwa mikono miwili.

“Kuko mutu moja wa kwetu ambaye alibakia Guangzhou,” akatuambia. “Nilimuomba atafute ule mama muzee. Amemupata. Ndio iko naye sasa pale ku nyumba yake.” Akamtazama binti yake. “Anataka kukuona.”

Baba yake akabonyeza, simu ikalia kwa muda mrefu, kisha uso ukatokea. Kule kwao jioni ilikuwa imeingia, na taa ya nyumbani ilikuwa nyeupe sana. Bibi alikuwa mdogo kuliko nilivyomfikiria, nywele fupi zenye mvi, fulana ya kufuma ya bluu. Alikuwa ameishika simu karibu mno, tukaona zaidi paji la uso na jicho moja. Akaanza kusema. Alisema mfululizo, bila kupumua.

Nilimtazama rafiki yangu. Midomo yake ilikuwa wazi kidogo. Aliyatazama maneno kama mtu anayetazama gari lake likipita bila kusimama.

Akanigeukia. “Anasema nini?”

Mpaka wakati huo sikuwa nimewaza kwamba Kichina kingeweza kumtoka chote. Nilidhani amekiweka mahali. Baba yake naye alidhani hivyo. Niliona uso wake ukibadilika. Yeye mwenyewe alijua kile cha maghala tu, cha namba na rangi.

“Anauliza kama umeshakula,” nikasema. “Anasema umekonda. Anauliza ni nani anakusukaka nywele.”

“Umuambie ni koko yangu.”

Nikasema kwa Kichina kwamba ni nyanya yake. Kule upande wa pili bibi alisogeza simu mbali, tukamwona uso mzima, akikaza macho kunitafuta.

“Wewe ni nani?” akaniuliza.

Nilimwambia kwamba tulisoma darasa moja, kwamba tulikaa pamoja. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka, akajifuta macho kwa mkono wa fulana, akageuka kumwambia yule mtu wa kwetu aliyekaa kando yake: “Sikia huyu. Anasema kama watu wa kijijini kwetu.”

Sikuweza kuitafsiri sentensi ile mara moja. Wale wote barazani walikuwa wananitazama, wakingoja.

Basi tukaendelea, yeye akisema, mimi nikigeuza. Hakuuliza habari za shule wala za nchi. Aliuliza kama bado anatupa blanketi usingizini. Aliuliza kama tumbo limetulia. Aliuliza habari ya jino: lile la mbele, lililodondoka wiki waliyoondoka, lililobaki pengo, je, liliota, na je, liliota limenyooka? Alikuwa amelifikiria jino hilo miaka yote.

Nilimweleza rafiki yangu swali hilo. Hakunipa jibu la kupeleka. Alichukua simu mikononi mwa baba yake, akaileta karibu na uso, akafungua mdomo wazi kabisa, akainua mdomo wa juu kwa kidole, akaonyesha. Akakaa hivyo. Bibi alisogea, akachungulia, akahesabu kitu kwa kunong'ona, akasema neno ambalo huku kwetu tungesema ni la kumsifu mtoto mtulivu, msikivu, anayependeka, yote kwa mara moja. Hilo nililitafsiri vibaya. Nilisema tu, “Anasema iko muzuri.”

Kabla ya kukata bibi alisema sentensi fupi. Kwa Kichina neno la kufikiria na neno la kumtamani mtu aliye mbali ni moja. Ukisema unamfikiria mtu, umesema pia kwamba unapungukiwa naye. Nilitafuta namna ya kulisema na sikupata, na muda ulikuwa unakwenda.

“Anasema anakuwaza,” nikasema.

Rafiki yangu akaitikia kwa kichwa, polepole. “Umuambie nimekuwa mukubwa.”

Nikamwambia. Bibi akajibu kwamba ameona.

Jioni ile tulikaa kwenye ukingo wa lori lililopakuliwa, tukila ndizi za kuchoma. Nilidhani analia, lakini alipogeuka macho yake yalikuwa makavu, na yalikuwa na hasira.

“Ile maneno yote,” akasema, “ilikuwa yangu.”

“Ni weye ulinipatia.”

“Ndiyo. Ni vile nasema.”

Nilijua kwamba hakuniibia mimi chochote, wala mimi yeye. Lakini pia nilijua ana haki. Nilikuwa nimeongea na mtu aliyemlea kwa sauti aliyonipa yeye, na yeye alikaa kando akingoja aambiwe. Tulimaliza ndizi. Kisha akaniuliza ni hesabu gani mwalimu wetu wa sekondari anatusumbua nazo, na tukazungumza mengine mpaka tulipoitwa ndani. Asubuhi hasira ilikuwa imekwisha, au alikuwa ameiweka mahali ambapo sitaiona. Nilipoondoka alinishika mkono muda mrefu kwenye dirisha la gari.

Walimpigia bibi mara nyingine kadhaa mwaka ule. Walinitafuta Butembo kwa simu, tukaunganishwa watatu, mtandao ukikatika kila neno la tatu. Kisha namba ya bibi ikaacha kuita. Yule mtu wa kwetu alikuwa ameondoka Guangzhou, na mtaa ule, wafanyabiashara walisema, ulikuwa unabomolewa. Hatukujua kama bibi alihamia kwa ndugu zake kijijini au kama alikufa. Mpaka leo hatujui.

Mimi sasa nasoma chuo kikuu hapa hapa Butembo. Mara kwa mara mfanyabiashara hunitafuta nimsomee ujumbe wa mwenye kiwanda, na Wachina wanaonisikia kwenye simu huniuliza, kwa mshangao mdogo, nilikaa jimbo gani la China. Huwaambia Kimemi. Wananiuliza tena.

Rafiki yangu aliolewa Beni, na mwaka jana alijifungua mtoto wa kike. Nilikwenda kumwona. Alinipa kitanda cha wageni, akanipikia wali na samaki, akanisimulia habari za mume wake na za bei ya mafuta ya gari, kwa Kiswahili kilichojaa Kinande, kama mtu ambaye hakuwahi kutoka nje ya mji ule. Mchana mtoto alisumbua, hakutaka kunyonya wala kubebwa. Alimlaza kifudifudi kwenye mapaja yake, akaanza kumpigapiga mgongoni kwa vidole vilivyokunjwa, akimtamkia maneno fulani kwa mwendo wa kupanda na kushuka, yale yale, akirudia.

Alinitazama bila kuacha kupiga. “Ile nasema ni nini?” akauliza. “Inakujaka yenyewe. Mi hapana jua maana yake.”

Nilisogea, nikasikiliza kwa makini. Nilishika neno moja la Kichina ambalo labda lilikuwa mto wa maji, na jingine ambalo lingeweza kuwa bata. Mengine hayakuwa katika kitabu cha mwalimu, wala katika chochote tulichowahi kusemezana kwenye benchi. Yalikuwa maneno ya kijiji cha popo, ambacho sote wawili hatujakiona.

“Hata mi sijui,” nikasema.

“Sawa,” akajibu, bila huzuni. Akaendelea mpaka mtoto akalala.